Saa Zisizouzwa: Hesabu ya Mama Anayetafuta Mbali na Nyumbani

Anayekaa Chamazi au Mbande na kazi yake iko Posta, Dar es Salaam, hutoka nyumbani na adhana ya alfajiri. Mwenzake wa Bunju au Mabwepande naye vivyo hivyo, ila njia yake ni ya Bagamoyo. Wote wawili hurudi watoto wameshakula, na siku nyingine wameshalala. Ndugu na majirani wakiwaona hivyo huwa na ushauri wa aina mbili: acha kazi ulee wanao, au vumilia, mjini ni kutafuta. Ushauri wote huo hauna hesabu ndani yake, na anayeutoa hatakuwepo siku ada ya shule itakapodaiwa.

Nakushauri uanze kwingine. Kabla ya kujiuliza uchague kazi au watoto, jiulize ni saa zipi za siku ambazo huziuzi kwa bei yoyote. Ukishazijua, tafuta pesa itakayokaa ndani ya saa zilizobaki, na pale isipokaa, ujue unalipwa kiasi gani hasa kwa kuzivunja.

Mshahara ugawe kwa saa

Chukua daftari na kalamu. Tufanye mama analipwa Sh 450,000 kwa mwezi, anakaa Chamazi, ofisi iko mjini, na anakwenda kazini siku 26. NSSF wanakata asilimia 10, yaani 45,000. Kodi ya mshahara inaanzia kwenye kinachozidi 270,000, kwa asilimia 8, hivyo inachukua 10,800. Mkononi anapokea 394,200.

Sasa toa gharama ambazo zisingekuwepo kama angebaki nyumbani. Nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, na boda ya siku mvua imeharibu njia, tuiweke 2,800 kwa siku. Kwa mwezi 72,800. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa mama lishe, 2,500 kwa siku. Kwa mwezi 65,000. Mshahara wa dada wa kazi 100,000. Chakula, sabuni na matibabu ya huyo dada 60,000. Nguo za ofisini, nywele na michango ya wafanyakazi wenzake 30,000. Jumla 327,800. Kinachobaki ni 66,400.

Mama huyu anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Ni saa 15 kwa siku, saa 390 kwa mwezi. Kila saa aliyokuwa mbali na nyumbani imemletea kama shilingi 170.

Wengi wakifika hapa huandika barua ya kuacha kazi. Subiri kwanza, kwa sababu hesabu haijaisha. Ile 45,000 ya NSSF haikupotea, na mwajiri naye kwa kawaida ameweka 45,000 nyingine juu yake. Kwa mwaka ni 1,080,000 iliyoingia kwenye jina la mama huyu, pesa ambayo genge la nyumbani halitampa asipojiwekea mwenyewe. NSSF wana fao la uzazi pia kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji. Nenda ukaulize ofisini kwao mapema, ukiwa na miezi miwili mitatu ya ujauzito, usingoje mtoto azaliwe. Kisha kumbuka kuwa gharama ya dada ni ya miaka michache, lakini nafasi ya kazi ukiiachia leo, ukirudi baada ya miaka mitano utaanza chini ya uliowafundisha kazi.

Tena kuna kosa kubwa ndani ya hesabu yenyewe, na karibu kila nyumba hulifanya: gharama yote ya dada imewekwa kwenye mshahara wa mama. Mtoto ana wazazi wawili. Baba akibeba nusu ya ile 160,000 ya dada, kinachobaki kwa mama kinapanda kutoka 66,400 hadi 146,400, na kila saa inalipa kama shilingi 375. Kazi ni ileile na mshahara ni uleule. Kilichobadilika ni nani analipia malezi. Ukisikia mume anasema, "Hiyo kazi yako haina faida, mshahara wote unaishia kwa dada," mwonyeshe karatasi hii, bila ugomvi, siku ambayo nyote mmeshiba.

Angalia pia zile saa nne au tano za njiani. Ndizo saa pekee ambazo hazimpi mtu pesa wala hazimpi mtoto mama. Ukipunguza saa moja kwenda na saa moja kurudi, umejirudishia saa 52 kwa mwezi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutembea Barabara ya Kilwa Oktoba 2025, hesabu ya mama wa Mbagala ilibadilika. Kama hujaipiga upya tangu hapo, ipige. Wa Tegeta na Bunju bado wanaijua foleni ya Mwenge. Wengi wetu tulikwenda huko kwa sababu ndiko tulikomudu kiwanja, na nyumba imejengwa tofali kwa tofali, kwa hiyo kuambiwa uhame kunauma. Wapo waliopangisha nyumba zao za Mbande na kupanga chumba na sebule karibu na kazi kwa miaka ile mitatu minne ambayo mtoto ni mdogo, kisha wakarudi kwao. Ni uamuzi mzito, lakini ukiupima kwa saa, mara nyingi una akili kuliko unavyoonekana.

Chagua saa zako, kisha zilinde

Huwezi kulinda siku nzima. Chagua vipande viwili, na uvichague kwa umri wa mtoto. Anayenyonya anakuhitaji alfajiri na usiku. Wa chekechea anakuhitaji wakati wa kuoga na kulala, maana ndipo anaposimulia yaliyompata, kwa maneno yake yaliyokatikakatika. Wa darasa la tatu anahitaji mtu wa kufungua daftari lake kila siku na kuuliza kwa nini hapa pamewekwa mkasi. Kijana wa sekondari hukaa kimya wiki nzima, kisha Jumamosi usiku unapokaanga samaki anaanza kusema. Usipokuwepo jikoni, yamepita.

Kama kazi yako inakurudisha saa mbili usiku, usijidanganye kwamba utailinda jioni. Linda asubuhi. Mwamshe mtoto nusu saa kabla hujatoka, mnywe chai pamoja simu ikiwa chajini chumbani. Nusu saa ya kila siku ambayo mtoto anajua ni yake inamjenga kuliko Jumapili nzima ya mama aliyechoka na mwenye simu mkononi.

Kuhusu Jumapili yenyewe nina la kusema, na najua halitampendeza kila mtu. Kwetu Dar es Salaam mwisho wa wiki unaliwa na vikao: kamati ya harusi, sendofu, kicheni pati, kikoba, arobaini, kipaimara cha mtoto wa jirani. Mama aliyefanya kazi siku sita anaikuta siku ya saba imegawanywa na watu ambao hawajamuuliza. Msibani nenda, hiyo ndiyo heshima yetu na kesho ni zamu yako. Vikao vingine toa mchango, siku usitoe. Tuma kwa simu, andika ujumbe mzuri kwenye kundi, baki nyumbani. Watasema unajisikia, halafu watazoea.

Kwa aliyeajiriwa: omba kwa maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina saa na siku zako nyingi ambazo hakuna atakayekukumbusha. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama wa mtoto njiti. Unatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wengi huificha mimba hadi inaonekana, kisha wanaanza kugombana juu ya tarehe. Peleka barua mapema, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inakuruhusu kuanza likizo wiki nne kabla. Kama afya yako inaruhusu na daktari amekubali, kadiri unavyosogea karibu na tarehe ndivyo siku zako nyingi zitakavyobaki kwa mtoto. Likizo ya mwaka ya siku 28, kama hujaitumia, omba iunganishwe na ya uzazi. Siku 84 na 28 ni siku 112, karibu miezi minne.

Ukirudi kazini, sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Wa Mbagala hawezi kwenda nyumbani kunyonyesha na kurudi Posta, kwa hiyo wengi huiacha haki hii ipotee hivihivi. Andika barua uombe saa hizo mbili ziunganishwe mwisho wa siku, utoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Faida yake ni kubwa kuliko saa mbili, kwa sababu unapita barabarani kabla foleni haijakaza. Barua iseme kazi zako zitakamilikaje. Ofisa utumishi hukataa kwa urahisi ombi la mdomo. Barua yenye mpango humlazimu kujibu kwa barua.

Maziwa ya kukamua yanawezekana hata kwenye ofisi isiyo na friji. Kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko, kiwekwe ndani ya kiboksi cha baridi chenye barafu za kutosha. Yakikaa na barafu hivyo yanafaa hadi saa 24. Kwa joto la Dar, maziwa yaliyoachwa mezani hayafai kuaminiwa kwa muda mrefu. Nyumbani dada asiyachemshe: kikombe kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto hadi maziwa yapate uvuguvugu, mtoto anywe kwa kikombe, na aliyobakiza yasirudishwe kungoja zamu nyingine. Mwonyeshe kwa vitendo, siku mbili kabla hujaanza kazi, huku wewe umekaa pembeni unamtazama.

Mtoto akiugua, sheria inakupa angalau siku nne za malipo katika kila mzunguko wa likizo wa miezi 36. Mume wako aliyeajiriwa naye anazo zake nne za mtoto huyohuyo. Ni ajabu jinsi nyumba nyingi zinavyotumia za mama peke yake. Mume pia ana angalau siku tatu za kupata mtoto, ndani ya siku saba za kuzaliwa. Ni chache mno, na zingekuwa nyingi tungeandika hadithi nyingine, lakini hizo tatu azichukue, asizitumie kupokea wageni tu.

Mwajiri akikuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito, huo ni uachishaji usio halali. Una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 hupita haraka mtu akiwa analia nyumbani, kwa hiyo nenda wiki ya kwanza.

Dada wa kazi

Hapa ndipo hesabu yote inaposimama au kuanguka. Ukiwa na dada mzuri unafanya kazi akili ikiwa kazini. Ukiwa na wasiwasi naye, uko ofisini kwa mwili tu, kila simu ikilia unashtuka.

Kwanza, usiajiri mtoto. Binti wa miaka 12 au 13 aliyeletwa na mtu kutoka kijijini ni wa kwenda shule; Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 14 kufanyishwa kazi, na hata aliyevuka hapo kidogo hana uwezo wa kukaa peke yake saa 15 na mtoto mchanga. Hana moyo mbaya, ni mtoto tu, naye akisinzia ni kwa sababu amechoka.

Ukimpata mtu mzima, kaeni mwandikiane. Mshahara kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, siku gani ya mapumziko, kazi zipi ni zake na zipi si zake. Dada anayefua nguo za watu sita, anayechota maji, anayepika na kupiga deki hawezi kuwa na jicho kwa mtoto anayetambaa. Ukitaka mtoto atazamwe, punguza kazi nyingine: shati la baba afue baba. Wafanyakazi wa majumbani wana kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara ya serikali, na chama chao ni CHODAWU. Kajue kiwango kilichopo sasa, kisha ukiweza lipa zaidi ya hapo. Anayekulelea mwanao kwa mshahara usiomtosha hata kumtumia mama yake ataondoka siku jirani atakapomwongezea elfu ishirini, na ataondoka Jumatatu asubuhi.

Makabidhiano ya asubuhi yawe ya kweli. Dakika kumi zinatosha. Mtoto amelalaje, amekula nini, dawa ipi na saa ngapi, nani anaruhusiwa kuingia ndani, namba ya jirani wa kukimbiliwa iko wapi. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni, maana simu huisha chaji. Jirani huyo mchague kwa makini na umpe ruhusa ya kupita ghafla kuomba chumvi. Jioni mwangalie mtoto kabla hujamuuliza dada. Mtoto unayemkuta kila siku amelala fofofo kabla ya magharibi, mwenye vipele vya nepi isiyobadilishwa, anayeruka akiguswa, anakwambia jambo. Ukiwa na shaka ya kweli, simu namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na haina malipo.

Na dada huyu naye mara nyingi ni mama. Ametoka Singida, Iringa au Dodoma, amemwacha mwanawe kwa bibi ili aje amlee wako. Saa unazonunua kwake zina mwenyewe mwingine anayezingoja. Mpe siku za kwenda kumwona mwanawe, kwa mpangilio, na nauli usimkate. Nimeona nyumba zilizofanya hivi zikikaa na dada mmoja hadi mtoto anaingia darasa la kwanza.

Kituo cha kulelea watoto mchana ni njia nyingine, na vinazidi kuongezeka mitaani. Kabla hujalipa, omba kuona cheti cha usajili; wanaohusika ni ustawi wa jamii, na ofisa wao anapatikana kwenye kata au manispaa. Kisha fika bila taarifa saa sita mchana. Hesabu watoto, hesabu walezi, ingia chooni, tazama maji yanatoka wapi. Uliza nani anaweza kumchukua mtoto, na kama jibu ni "yeyote anayemjua", tafuta kwingine. Nakushauri kiwe karibu na nyumbani kuliko kazini. Kumpandisha mtoto daladala ya saa kumi na moja alfajiri kila siku, amesukumwa na mabegi, ni mateso, na siku ukiugua wewe hakuna wa kumpeleka.

Kwa sababu hiyohiyo, shule ichague kwa umbali kabla ya jina. Mtoto wa miaka mitano anayechukuliwa na basi la shule gizani ili akasome upande mwingine wa jiji ameuza saa zake na wewe umelipia. Waliokuwa wakiwapeleka wadogo bweni ili wapate nafasi ya kutafuta, njia hiyo serikali iliifunga tangu Machi 2023 kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Uamuzi huo uliwaumiza wengi, lakini mimi naona ulikuwa wa haki.

Bibi kijijini? Inafaa kwa baadhi, kwa masharti. Aliyemaliza kunyonya, bibi mwenye nguvu bado, pesa ya matumizi kila mwezi bila kusubiri kukumbushwa, na wewe kwenda likizo ya Juni na ya Desemba bila kukosa.

Kwa mwenye biashara: tazama saa ya biashara kabla ya faida

Watu husema, jiajiri uwe na muda na watoto. Si kweli hadi ujue biashara yenyewe inafanyika saa ngapi. Maandazi na vitumbua vya asubuhi vinakuamsha saa tisa usiku, lakini saa tatu asubuhi umeshamaliza na mtoto hajarudi shule. Mama lishe anayepikia mafundi kwenye eneo la ujenzi anafunga saa tisa au kumi alasiri. Chipsi na mishikaki ya kituo cha daladala inaanza kuuza pale watoto wanaporudi nyumbani na inaisha wanapolala. Faida yake inaweza kuwa nzuri kuliko zote, na inakula hasa zile saa ulizosema huziuzi. Anayekwenda Feri alfajiri kununua samaki, akakaanga mchana na kuuza jioni mtaani Tandika au Mbagala, anashikwa ncha zote mbili za siku. Akiweza kumpata mwenzake, mmoja awe wa kwenda Feri na mwingine wa kuuza jioni, wabadilishane kila wiki, faida itagawanyika lakini kila mmoja ana jioni zake wiki moja kati ya mbili.

Genge la barazani nalo lina mtego wake. Upo nyumbani tangu asubuhi, mtoto anakuona, na bado hakupati, maana kila akianza kusema anakuja mteja wa nyanya za mia tano. Funga genge saa moja jioni kwa saa moja na nusu. Weka kitambaa juu ya meza. Wateja watajifunza kupita mapema.

Akina mama wa jiji hili wamebeba nyumba kwa miradi kwa muda mrefu. Mtafiti Aili Mari Tripp alipofanya utafiti Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, mishahara ilikuwa imeshuka thamani kiasi kwamba miradi midogo, mingi yake ya wanawake, ndiyo iliyolisha familia. Kinachotutofautisha na mama zetu wale ni aina ya mikopo tunayokopa. Mkopo wa kausha damu, wenye marejesho ya kila siku au kila wiki na wakusanyaji wanaokuja mlangoni, unauza saa zako kabla hazijafika. Mtoto akipandwa na homa Jumanne, huwezi kufunga biashara, kwa sababu Jumatano wanakuja kuchukua friji. Nimeona zaidi ya mama mmoja akimwacha mtoto mgonjwa kwa jirani ili akauze, na hakuna aliyekuwa na roho mbaya kati yao.

Njia ya polepole ipo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanza naye, mkiwa tayari na kikundi kilichosajiliwa, na mkubali kwamba inachukua muda. Wakati mnangoja, kikoba kinachokutana kwa saa moja na kumaliza kinafaa. Kile cha kukaa hadi jua linazama huku mkila pilau, sitakwambia nini, unajua mwenyewe.

Jina lako liwepo

Mama akiamua kuacha kazi kwa miaka kadhaa ili alee, ni uamuzi halali kama mwingine, na asiudharau wala asidharauliwe. Ila ulindwe kwa karatasi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hukumu hiyo ni nguzo hadi leo. Watu husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu cha ziada, kwa sababu mahakama iliona kuwa mumewe alishampa mtaji na ukapotea. Kwa hiyo usitegemee hukumu. Kiwanja mnachonunua mkiwa mmekubaliana ubaki nyumbani kiandikwe majina mawili, hati ya mauziano isainiwe mbele ya serikali ya mtaa na wewe ukiwepo, na kila mwezi baba akuwekee kitu kwenye akaunti yako, pamoja na mchango wa hiari wa NSSF. Yazungumzwe kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Baada ya hapo nguvu ya kuzungumza inapungua.

Anayebaki kazini naye asiiache ndoto yake ikae kabatini mpaka watoto wakue wote, maana wa mwisho huzaliwa wa kwanza akiwa sekondari. Chuo Kikuu Huria kipo Kinondoni na kimejengwa kwa mtu anayesoma nyumbani kwa wakati wake. VETA wako Chang'ombe, hapohapo Temeke. Mitihani ya uhasibu ya NBAA hufanyika Mei na Novemba. Si lazima ufanye ya miezi yote miwili, wala masomo yote kwa mkupuo. Masomo mawili kwa Novemba, mwaka ambao hakuna anayenyonya, ni mwendo unaofika. Saa za kusoma zitoke kwenye vile vikao vya Jumapili na kwenye zamu ya baba ya kuogesha watoto. Zikitoka kwenye usingizi wako peke yake, utaacha kabla ya Machi.

Hesabu ile ya daftari irudie kila Desemba. Mtoto akiingia shule Januari, huenda dada hahitajiki siku nzima tena, na sehemu ya ile 160,000 inarudi mikononi mwenu. Pesa hiyo ina tabia ya kuyeyukia kwenye michango na king'amuzi bila mtu kujua imekwenda wapi. Kaeni wawili kabla ya mwaka kuanza, muipangie kazi: nusu iende kwenye ada yako ya mtihani au mtaji, na nusu kwenye nauli ya basi linalokufikisha nyumbani saa moja mapema.